Damu Iliyochelewa Njiani

Utotoni tulikuwa tukidondosha majani katika mto Chania, mjini Thika, kisha tunayafuata ukingoni huku tukihesabu. Jani likikawia, tulijua mkondo umezibwa mahali. Mchezo ule ulinirudia nikiwa nimeketi nyuma ya kioo, katika kituo kimoja cha picha kando ya barabara kuu ya Thika. Mjomba alikuwa amelala ndani ya mashine ya MRI. Tulikuwa tumemleta kutoka Ruiru, siku kadhaa baada ya kiharusi kumpooza mkono wa kulia.

Ubongo ni mlaji mkubwa. Uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, ila hutumia karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo. Kila gramu 100 zake hupata takriban mililita 50 kwa dakika. Zikishuka chini ya 20, seli huacha kazi. Chini ya 10, hufa. Kati ya hapo kuna sehemu iliyozimia bila kufa, na hiyo ndiyo daktari anayoiwania.

Njia ya kwanza ya kuipima damu hiyo ni ya jani. Dawa yenye gadoliniamu hudungwa mkononi kwa kasi, na mashine hupiga picha ya ubongo mzima kila sekunde moja na nusu au mbili, kwa muda wa dakika moja hivi. Dawa ikipita, mwangaza hufifia, ikishapita, hurudi. Ukiuchora mwangaza huo, unapata bonde. Upande mzima, bonde ni la kina na linawahi. Upande wa kiharusi, bonde ni la kina kifupi, pana, tena linachelewa.

Njia ya pili, iliyochapishwa mwaka 1992 na John Detre na wenzake wa Marekani, ndiyo iliyoniteka. Haihitaji dawa yoyote. Mawimbi ya redio hupindua usumaku wa maji yaliyomo katika damu inapopita shingoni, na huko kupinduliwa ndiko alama yake. Inangojwa kama sekunde 2 ifike ubongoni, ndipo picha inapigwa. Inapigwa nyingine bila alama, moja inatolewa kwa nyingine, na kinachobaki ni damu mpya iliyoingia.

Figo za mjomba zilikuwa dhaifu kwa sababu ya kisukari, hivyo njia hii ndiyo iliyochaguliwa. Dada aliyeendesha mashine alinionyesha picha mbili sambamba. Ningeapa ni ile ile moja. Tofauti yake ni kama asilimia 1, ndiyo maana jozi hupigwa kwa makumi, dakika 4 au 5, kisha hutafutwa wastani. Kichwa kikisogea, hesabu inaharibika. Mjomba alikohoa. Dada hakunung'unika, alisogelea kipaza sauti, "Mzee, tulia kidogo tu, tunarudia," akaanza upya.

Picha ilipotoka, upande wa kushoto ulikuwa na doa jeusi, na pembeni yake mishipa ikimeremeta. Nilidhani pale pameshakufa. Yeye akagusa ile mishipa kwa ncha ya kalamu: damu yenye alama ilikuwa bado iko njiani, inapita michepuko. Alama yenyewe hufifia ndani ya sekunde chache, kwa hiyo damu ya njia ndefu hufika imeshaipoteza, na mashine huandika kwamba haikufika. Akarefusha muda wa kungoja, akapiga tena. Nusu ya doa ikajaa. Kompyuta ilikuwa imeshatoa namba yake. Jicho la yule dada ndilo lililoikataa.

Nikiulizwa mimi, katika saa za mwanzo, daktari anapoamua kama atalivuta donge la damu, dawa ndiyo bora: inapima kuchelewa kwenyewe, tena upesi. Kwa mwenye figo dhaifu, au wa kufuatiliwa wiki hadi wiki, damu iliyotiwa alama inatosha, mradi anayeisoma anajua kutofautisha iliyokosekana na iliyochelewa.

Nawe ukimpeleka mzee wako, mwambie mapema: mashine ina kelele nyingi, na kichwa kisisogee kwa dakika 5.