Klorini Juu ya Utelezi

Tangi la maji lililotiwa klorini lilipaswa kumwagwa na kusuguliwa kwanza. Mliofuatilia zoezi la kutibu maji kwenye maduara ya wachimbaji ya upande wa Geita mliona jinsi madumu yalivyopangwa na sampuli zilivyochukuliwa kwa wakati. Hapo sina neno.

Kisha kipimo kikasoma chini ya miligramu 0.5 za klorini kwa lita baada ya nusu saa. Msimamizi akaamuru dozi iongezwe. Klorini ikashuka tena. Akaongeza tena! Hakuna aliyeingiza mkono kwenye simtanki akagusa ukuta. Utelezi ulikuwa ukiila klorini, yeye akaendelea kuyalaumu maji.

Sisemi mle mlikuwa na kipindupindu. Utando wa bakteria wa kawaida nao hula klorini. Lakini dozi ilipigwa kwa hofu ya El Tor, aina ya kimelea cha kipindupindu, na huyo tunamjua. Jeni ya galU humtengenezea UDP-glukosi, galE huigeuza kuwa UDP-galaktosi, na jeni za vps huunganisha sukari kuwa gundi ya utando. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba akiharibiwa galE hashikani vizuri. Yildiz na Schoolnik walikwishaonyesha mwaka 1999 kwamba vps hizo hizo ndizo zinazomkinga na klorini. Tena akifyonza sukari kwa njia ya fosfeti, kimeng'enya cha kwanza cha njia hiyo hupoteza fosfeti yake na breki ya vps huachia. Huyu ndiye anayegeuza TCBS, chakula cha kuoteshea bakteria maabara, kuwa njano kwa kula sukari ya mezani, halafu kikombe cha chai chenye sukari kinatumbukizwa tangini mchana kweupe!

Nimelalamika tangu mlipuko wa kipindupindu wa 2015: tunapima bakteria anayeelea, kisha tunaipeleka dozi ikapambane na aliyeganda. Rita Colwell na Anwar Huq hawakufanya hivyo kule Matlab, Bangladesh. Walijua kimelea hung'ang'ania vijidudu vya majini, wakawafundisha akina mama kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa. Matokeo ya 2003: wagonjwa walipungua kwa karibu nusu, bila hata tone la dawa. Hao walikuwa wachambuzi.

Safari ijayo, dozi ya pili isiagizwe kabla ukuta wa tangi haujapanguswa kwa pamba na pamba hiyo kuoteshwa. Na brashi iingie kwenye bajeti, hata ikibidi fulana za uhamasishaji zipunguzwe.