Neno "Heilotes" na Tafsiri Yake

Mwenye kulifasiri neno heilotes, jina la wakulima waliotawaliwa na Wasparta wa kale, huvutwa kuandika "watumwa". Tafsiri hiyo haitoshi. Mtumwa wa Athens aliuzwa sokoni. Heiloti hakuuzwa nje ya nchi, bali alikaa na jamaa zake shambani, akimpa bwana wake sehemu ya mavuno.

Kwa habari ya asili yake, Pausanias asema latokana na Helos, mji wa Laconia ulioshindwa na Wasparta, na kwamba jina hilo lilienea baadaye hata kwa Wamessenia. Masimulizi hayo yapendeza, lakini sarufi yayapinga: kwa Kiyunani, mtu wa Helos angeitwa kwa umbo jingine. Ndiyo sababu wataalamu wengi wa lugha hulirejesha neno hili kwenye shina lenye maana ya kukamata.

Tukikubali hayo, neno letu "mateka", litokalo na kuteka, lalikaribia kuliko "mtumwa", litokalo na kutuma. Hata hivyo, mateka ni yule aliyetekwa mwenyewe. Heiloti alizaliwa katika hali hiyo, na wale wa Messenia hawakupata uhuru mpaka karibu na mwaka 369 K.K. Basi heri neno libaki "heiloti", na maelezo yaandamane nalo: kwamba ni jina la tendo la vita, wakalirithi watoto ambao vita hawakuiona.