Kumpiga Picha Chura Alipo

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ng'ombe ana haki ya kuzipuuza. Mpiga picha wa vyura hana. Mvua za masika zikishika katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, kelele hizo ndizo zinazomwongoza gizani. Akikaribia tu, kidimbwi kizima hunyamaza. Hana budi kuzima tochi, kutulia na kuwavumilia mbu. Baada ya kitambo dume mmoja hujaribu sauti, wa pili humjibu, na punde usiku mzima umepamba moto.

Ufundi huu ni wa mwili kabla ya kuwa wa kamera. Anayepiga akiwa amesimama wima ataambulia mgongo. Fundi hulala kifudifudi topeni mpaka lenzi ilingane na jicho la chura, kisha hulilenga jicho hilo, kwani likitoka na ukungu picha yote imeharibika. Ngozi mbichi hurudisha mwanga mkali na kuacha madoa meupe, hivyo mwanga huchujwa kwa kitambaa cheupe na kuelekezwa kutoka ubavuni. Dume anayeita ana mtihani wake: koo hujaa kama puto na kunywea papo hapo. Lazima kwanza uzoee mapigo ya wito wake, ndipo kidole kibonyeze kwa wakati.

Kishawishi huja pale chura wa kijani mwenye michirizi myeusi, yule wataalamu wamwitaye Leptopelis vermiculatus, anapokaa nyuma ya kijiti kikavu, na kando yake lipo jani pana linalong'aa. Wapo wanaomhamisha. Wapo hata wanaomtia kwenye friji ili baridi imlegeze asiruke. Lakini chura hunywa maji kwa ngozi, na sehemu ya pumzi yake hupitia humohumo. Chumvi ya jasho na dawa ya mbu iliyo mkononi humdhuru. Isitoshe, ukimwondoa pale umeondoa nusu ya habari yake.

Ushahidi upo Kihansi, milima ya Udzungwa. Mwaka 1996 wataalamu waligundua huko chura wa rangi ya dhahabu, asiyefika sentimita 3, azaaye watoto badala ya kutaga mayai. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, si penginepo duniani. Maji mengi yalipochepushwa kuzalisha umeme, manyunyu yakapungua. Ugonjwa wa kuvu nao ukaingia. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliopelekwa mapema Marekani walizaliana katika bustani za wanyama, na mwaka 2012 wa kwanza wakarudishwa bondeni. Picha ya chura huyo juu ya karatasi nyeupe hutuonyesha umbo lake. Ile ya kwenye majani yanayodondosha maji hutuonyesha pia kilichomweka hai, na kilichokaribia kummaliza.

Nawe unayetaka kuanza, simu na tochi vinatosha. Osha na kausha buti zako kabla ya kuhamia bonde jingine, maana kuvu inayoua vyura husafiri na tope. Kijiti kikikuziba, zunguka wewe. Na ikiwa hakuna njia ya kuzunguka, mpige hivyohivyo na kijiti chake.