Mashine Fupi, Gogo Nene

Ukitoka Sake kwenda Walikale, mashariki mwa Kongo, kwa njia ya Masisi na Nyabiondo, nchi hubadilika. Masisi ni vilima vya malisho na mikaratusi ya kupandwa, miti ambayo shoka laiweza. Walikale ni msitu wenyewe: muvula, libuyu, limbali. Mti wa huko ukilala barabarani wakati wa mvua, malori hupanga foleni yakimsubiri mtu mmoja na msumeno wake wa mnyororo, mara nyingi mfupi kuliko kazi.

Mtu huyo namvulia kofia. Mwenye mashine kubwa huegemea nguvu ya injini. Mwenye bapa, bamba la chuma linalobeba mnyororo, la sentimita 40 mbele ya gogo lenye unene wa 90 hana pa kuegemea: akiingia upande huu na upande ule, katikati zinabaki sentimita 10 zisizofikiwa. Kwa hiyo hachanji moja kwa moja. Huchimba juu ya gogo mfereji mpana wa pembetatu, kipande baada ya kipande, mpaka mashine nzima, injini na yote, ishuke ndani ya mti.

Lakini kabla ya kuiwasha huzunguka na panga, akibandua maganda na tope, maana mchanga huua meno ya mnyororo upesi kuliko mbao. Kisha hutazama gogo limelalia nini. Likiwa limevuka mtaro, limeshikwa ncha mbili, juu limebanwa na chini limevutwa. Akikata kutoka juu tu, mti utafumba mdomo na bapa litanaswa. Basi huanza juu kidogo, hupigilia kabari, humalizia chini. Ncha moja ikining'inia, mambo hugeuka: huanza chini. Akikosea hapo, gogo linaweza kuruka au kubingirika, na kwenye mteremko hakuna tambarare ya kukimbilia.

Muvula nao una hila yake: ndani ya shina huweza kujijengea mawe ya chokaa, na mnyororo ukiyagusa, sharti tupa itolewe.

Tupa ndiyo nusu ya kazi, pengine zaidi. Mnyororo wa leo unatokana na Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, Marekani, aliyetazama mwaka 1946 jinsi buu la mbawakawa linavyotafuna mti kwa kukata kushoto na kulia, akabuni meno yanayopokezana vivyo hivyo. Meno ya upande mmoja yakinolewa zaidi kuliko ya upande wa pili, mkato hupinda. Kwa bapa refu kupinda ni aibu ndogo. Kwa bapa fupi ni balaa, kwa kuwa mikato ya pande mbili haitakutana kamwe.

Basi dereva, ukimkuta mkataji ameketi juu ya gogo akinoa, usimpigie honi. Na njia ikifunguka, mlipe bila kuvutana bei.