Ndoano Kwanza, Manyoya Baadaye

Mvuvi wa trauti kwenye mito ya Mlima Kenya huumizwa zaidi na samaki aliyepiga chambo akaponyoka kuliko na yule ambaye hakuja kabisa. Maji ya Thuchi yanapasuka, kinywa kinaonekana, mkono unavuta, mshipi unarudi mtupu. Hapo lawama zote huuendea mkono: umevuta mapema, umechelewa, ulikuwa unaangalia nyani. Mkono una sehemu yake, nami nitaufikia. Lakini nimechungulia visanduku vingi vya wavuvi wa Embu na Meru, na naamini kwamba mara nyingi samaki yule alikwisha kupotea siku chambo kiliponunuliwa.

Trauti ni mgeni katika maji yetu. Ewart Grogan aliwaleta Kenya mwaka 1905, wakatiwa katika Mto Gura upande wa Aberdare, na baadaye wakasambazwa katika mito mingine ya baridi. Upande wetu wa mlima wapo sehemu za juu za Thuchi na Rupingazi, wapo katika Mto Nithi unaoshuka kutoka Ziwa Michaelson, wapo Ziwa Ellis juu ya Chogoria, na upande wa Meru wapo katika Ziwa Rutundu, mahali palipopata sifa duniani mwaka 2010 mwanamfalme William wa Uingereza alipomchumbia Kate Middleton. Ndani ya hifadhi unalipa kiingilio cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), na kuvua trauti kunahitaji leseni. Pata vyote viwili kabla ya kupanda, kisha tuzungumze juu ya kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ni nzi bandia wa kuelea: ndoano ndogo iliyofungwa uzi na manyoya hadi ifanane na mdudu aliyeanguka majini. Kenya ina mafundi hodari wa kuwafunga. Nzi waliofungwa kwa mikono ya Wakenya huuzwa Ulaya na Marekani, kwa hiyo mvuvi wa huku hana sababu ya kuridhika na kazi hafifu. Shida ni kwamba wengi wetu tunamchagua nzi kwa macho ya mnunuzi. Tunapenda rangi, tunapenda manyoya mengi, tunapenda mwili mnene uliojaa. Vitu hivyo vitatu ndivyo humtoa samaki kinywani mwa ndoano.

Ili kuelewa kwa nini, mwangalie samaki mwingine. Besi, samaki wa kinywa kipana, aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929. Kwao Marekani huvuliwa kwa chura bandia wa mpira, mwenye tumbo tupu na ndoano mbili zilizolala mgongoni zikikumbatia mwili. Chura huyo huburutwa juu ya magugu na majani ya yungiyungi bila kunasa, nayo ndiyo sifa yake kubwa. Ndiyo pia kasoro yake. Besi humpiga kwa kishindo, lakini mpira usipobonyea, ncha za ndoano hazitokezi na samaki anamtema akiwa mzima. Wajuzi wa huko humbana chura kwa vidole dukani kabla ya kumlipia: akibonyea kwa urahisi na ncha zikajitokeza wazi, ananunuliwa, akiwa mgumu, anarudishwa hata kama amechorwa macho mazuri namna gani.

Nzi wetu wa trauti ana tatizo lilelile katika umbo dogo. Kila kinachomfanya aelee huweza kuiziba ndoano. Ubora wa fundi unaonekana katika kile alichokiacha, na hapo ndipo pa kuanzia hukumu yako.

Mgeuze nzi chali kiganjani. Usitazame mbawa wala mkia. Tazama ule uwazi kati ya ncha na shina la ndoano, ambao nitauita mwanya. Mwanya ndio unaobeba taya la samaki. Ukikuta mwili wa sponji, au manyoya yaliyosokotwa kwa unene, umeshuka hadi kula nusu ya mwanya, mrudishe. Wabaya zaidi kwa jambo hili ni mende na panzi wa sponji: wanaelea vizuri mno, wanaonekana kwa urahisi hata jioni, na trauti huwapenda, lakini fundi asiye makini hukata sponji pana na kuifunga katikati ya shina, ikaning'inia pande zote mbili kama tandiko la punda. Fundi mzuri hutumia ukanda mwembamba, huupandisha juu ya shina, na chini huacha chuma kitupu. Ukimtazama kutoka ubavuni unaona nuru ikipita.

Baada ya mwanya, ncha. Iweke juu ya ukucha wa kidole gumba na uivute polepole bila kubonyeza. Ncha kali hung'ata ukucha palepale ikakataa kusogea. Butu huteleza na kuacha mstari mweupe. Jaribio hili huchukua muda mfupi sana, na sijui lingine linalosema ukweli mwingi hivyo. Lifanye kwa kila nzi, maana katika pakiti moja hutokea wawili wakali na wa tatu butu. Ncha butu huweza kunolewa kwa kipande cha jiwe laini la kunolea, ukinoa kutoka mpindo kuelekea nchani, mipapaso michache tu. Lakini ndoano mpya isiyo na ncha kali ni dalili kwamba aliyeitengeneza alibana pesa, na akibana hapo, amebana na kwenye chuma.

Chuma hujaribiwa kwa kukipinda kidogo. Shika shina kwa koleo, sukuma ncha kwa nje kiasi kidogo, kisha achia. Chuma kilichopikwa vizuri hurudi mahali pake. Kikibaki kimepanuka, ni laini mno, na trauti wa Ziwa Michaelson atakinyoosha. Kikikatika, kimepikwa kupita kiasi. Kampuni ya Mustad ya Norway imetengeneza ndoano tangu karne ya 19, na Wajapani kama Tiemco na Gamakatsu wanasifika kwa ncha zao. Fundi anayefungia juu ya ndoano za aina hiyo kwa kawaida husema mwenyewe, tena kwa fahari. Muulize. Akishindwa kutaja ndoano yake, endelea na safari.

Kuna kimwiba kidogo nyuma ya ncha, kilichowekwa ili samaki asichomoke. Wengi wanakiamini. Mimi nakibana kwa koleo hadi kilale. Kimwiba huongeza unene mahali palepale panapopaswa kupenya, hivyo hudai nguvu zaidi, na mshipi mwembamba tunaotumia mtoni hauna nguvu hiyo ya kutoa. Ndoano isiyo na kimwiba huingia kwa mguso mdogo, na mshipi ukikazwa wakati wote haichomoki. Pia samaki mdogo hurudi majini bila kuraruka. Mito yetu ya juu ni myembamba na samaki wake wengi ni wadogo. Anayewapenda hawachani vinywa.

Sasa manyoya. Yana kazi yao, na ni kazi ya kusimamisha nzi juu ya maji. Unyoya unaofaa hutoka shingoni mwa jogoo, mwembamba, unaong'aa, wenye nyuzi ngumu. Zigusishe mdomoni: nzuri huchoma kidogo, mbovu hulala kama pamba, na pamba hunywa maji. Urefu wa nyuzi uzidi upana wa mwanya kwa nusu yake hivi. Zikiwa ndefu mno, nzi husimama juu ya miguu kama korongo, ncha ikaning'inia mbali na maji, na trauti anayefunga kinywa hufunga juu ya manyoya matupu. Zikiwa fupi mno nzi huzama kichwa. Adams, nzi wa kijivu aliyebuniwa na Leonard Halladay huko Michigan mwaka 1922, bado ni kipimo kizuri: ukiona fundi amemfunga Adams kwa mizunguko michache ya unyoya, iliyo safi, na kichwa kidogo kisichoziba tundu la mshipi, wanunue na wengine wake bila wasiwasi mkubwa.

Jaribio la mwisho dukani au nyumbani ni glasi ya maji. Mdondoshe nzi kutoka juu kidogo, mara kadhaa. Anapaswa kutua amesimama karibu kila mara, ndoano ikiwa chini. Anayelala ubavu amefungwa bila mizani, na ubavu huo ndio utakaomfikia samaki.

Huku kwetu kuna msimu unaofaa kupima haya yote kwa ukweli. Mvua za mwezi wa tatu zinapoanza, na zile za mwezi wa kumi, kumbikumbi hutoka ardhini. Wengine huishia majini, na trauti wa sehemu za chini hushiba bila adabu. Wakati huo nzi mwekundu-kahawia wa namba 12 au 14 (kumbuka namba ikipanda ndoano hupungua) hupigwa tena na tena. Ikiwa hata hapo samaki wanapiga na kuponyoka, kasoro iko kwenye ndoano au mkononi, kwa kuwa chambo hakikataliwi. Mvua ikizidi na maji kugeuka rangi ya udongo, weka nzi wa kuelea kisandukuni na ufunge mweusi wa kuzama, Kenya Bug, anayejulikana sana katika mito hii.

Kuhusu mkono nitasema machache. Kijitoni, kwenye maji ya kasi, trauti huonja na kutema kwa kufumba na kufumbua, basi kifundo cha mkono kiinuke mara tu unapoona maji yakivunjika. Inua tu, usikate kuni. Ziwani ni kinyume. Kule Ellis au Rutundu samaki hupanda polepole, hufunga kinywa juu ya nzi na kugeuka kurudi chini, na ukivuta kabla hajageuka unamtoa nzi kinywani mwake. Wavuvi wa New Zealand, enzi za Malkia, walikuwa wakiomba kimoyomoyo Mungu amlinde, kisha ndipo wakivuta. Tafuta maneno yako yenye urefu huohuo. Vilevile usiache mshipi umelegea juu ya maji: mkunjo ulio kati yako na nzi hula mwendo wote wa mkono, na ncha haiongezi hata unywele mmoja wa kupenya.

Upande wa Chogoria ukungu na manyunyu hudumu siku nyingi, na nzi aliyerudishwa kisandukuni akiwa na unyevu huota kutu kwenye ncha kabla ya mahali pengine popote. Wakaushe nje ya kisanduku usiku, mbali kidogo na moto. Na kila nzi anapogonga jiwe nyuma yako wakati wa kurusha, jambo linalotokea sana katika mabonde yetu membamba, mvute mkononi kabla ya kurusha tena na uilaze ncha juu ya ukucha.