Sifa ya Umeme

Mtu akijaliwa mbio, husemwa kuwa ana umeme miguuni. Sifa hii yafaa tuihakiki kabla hatujamvika kijana wa Lodwar au wa Kakuma. Nitaipima kwa mizani mbili: ya kweli na ya haki.

Kwa mizani ya kweli, sifa hii ina nusu tu. Ni kweli kwamba kila msuli hujikunja kwa amri ya umeme. Amri hutoka ubongoni, hupita katika mishipa ya fahamu kwa mwendo wa mita 50 hivi kwa sekunde, kisha huingia katika nyuzi za msuli. Humo mwendo wake hupimika. Visahani viwili vidogo vya madini hubandikwa juu ya ngozi ya paja, kwa kufuata mkondo wa nyuzi, vikitengana kwa milimita 20. Ishara ikifika kisahani cha pili baada ya sehemu 5 kati ya 1,000 za sekunde, basi imekwenda kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde. Msuli ukiwa baridi, au ukichoshwa na kazi nzito, mwendo huo hupungua.

Sasa mtazame Paul Ereng, Mkenya wa kabila la Waturkana. Mwaka 1988, katika Olimpiki ya Seoul, alishinda mbio za mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.45. Gawanya, utaona kwamba alikwenda zaidi ya mita 7 kila sekunde. Mtu huyu aliushinda mwendo wa umeme wa mapaja yake mwenyewe! Si ajabu, kwani ishara ina njia fupi ya sentimita chache tu, na mguu ni wenzo mrefu. Lakini aliyetaka kumkweza kwa sifa hiyo amemshusha.

Kwa mizani ya haki, kosa ni kubwa zaidi. Umeme haujifunzi wala hautoki jasho. Mwaka 2016, wakimbiaji watano waliotoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, asili yao Sudani Kusini, walishiriki Olimpiki ya Rio de Janeiro baada ya kufunzwa Ngong chini ya Tegla Loroupe. Hawakupata medali. Sifa ya umeme haina neno la kuwaambia watu hawa, ijapokuwa walifanya kazi kubwa: kutoka kuwa wakimbizi hadi kuwa wakimbiaji.

Kijana aambiwaye kuwa amezaliwa na umeme huacha mazoezi; aambiwaye kuwa hakuzaliwa nao huacha uwanja. Wote wawili wamedhulumiwa na neno moja. Kwa hiyo tumsifu mkimbiaji kwa alfajiri alizoamka na maili alizozimaliza. Sifa hiyo ni ya kweli, na kila asikiaye aweza kuitafuta.