Melaka: Ziara Ianzie Mtoni

Ziara ya kutwa mjini Melaka, Malaysia, kwa kawaida huanzia uwanjani penye majengo mekundu ya Waholanzi: Stadthuys na kanisa la mwaka 1753. Kutoka hapo mwongozaji huwapandisha wageni kilimani hadi magofu ya Kanisa la Mtakatifu Paulo, lililoanzishwa na Wareno mwaka 1521, kisha huwateremsha hadi lango lililosalia la ngome ya A Famosa na jengo la kuigiza kasri la masultani. Mto huvukwa mwisho, jua kali, miguu imechoka. Mpango huu unapunguza mwendo, lakini unasimulia historia kinyumenyume: Waholanzi walioiteka Melaka mwaka 1641, halafu Wareno wa 1511, halafu sultani aliyepinduliwa. Mgeni anawajua watekaji, hajui walichokigombania.

Walichokigombania ni bandari, na bandari hiyo iliendeshwa na pepo za msimu. Merikebu za India zilifika kwa upepo wa kusini-magharibi, za China kwa ule wa kaskazini-mashariki, na kila moja ilingoja upepo ugeuke ndipo irudi kwao. Anayejua kusi na kaskazi ameshaelewa; na Tomé Pires, Mreno aliyeishi humo kuanzia 1512 hadi 1515, aliwataja watu wa Kilwa na Malindi miongoni mwa wafanyabiashara wa Melaka. Wageni wa kungoja walihitaji msimamizi, ndiyo maana masultani waliweka mashahbandari (wasimamizi wa bandari) wanne, kila mmoja na mataifa yake. Basi mwongozaji aanzie mtoni asubuhi, aeleze pepo, kisha aingie njia yenye hekalu la Kichina la Cheng Hoon Teng, Msikiti wa Kampung Kling na hekalu la Kihindu, vyote karibu karibu; kilima na ngome aviache hadi alasiri.

Itapingwa kwamba nyumba hizo za ibada ni changa kuliko ngome: msikiti ni wa 1748, hekalu la Kihindu la 1781. Ni kweli, na mwongozaji aseme hivyo. Lakini Cheng Hoon Teng lilikuwa pia baraza la Kapitan, mkuu wa Wachina chini ya watawala wa Kizungu. Desturi ya kila jamii kuwa na mkuu wake iliendelea baada ya usultani kuanguka. Wengine watasema kilima hakipandiki alasiri. Ni kifupi, na saa kumi na moja joto hupungua. Gharama halisi ni kuvuka daraja mara ya pili; faida ni kwamba mgeni anafika langoni akijua ngome ilijengwa kulinda nini.